Bati la pembe nne ndani ya NEC-2
Antena nyingi za televisheni hapa Nairobi hukaa juu ya paa la mabati, na anayetaka kujua jinsi paa hilo linavyobadilisha mapokezi hana budi kuliingiza bati lenyewe katika hesabu. NEC-2, programu ya kompyuta ya kukokotoa antena iliyotoka katika maabara ya Lawrence Livermore nchini Marekani mwaka 1981, hukubali kipande cha uso chenye pembe nne, mradi pembe zote ziwe kwenye bapa moja. Lakini mlinganyo wa ugasumaku (nguvu ya sumaku iliyoenea angani) ambao programu hutumia kwa vipande hivyo unafaa umbo lililofungwa, kama tangi, wala si bati jembamba lililo wazi. Kwa hiyo mimi hulichora bati kama wavu wa nyaya. Kwenye masafa ya megahezi 600, urefu wa wimbi ni sentimita 50, hivyo matundu ya sentimita 5, sehemu moja ya kumi ya wimbi, yanatosha, na nusu kipenyo cha waya huwa upana wa tundu ukigawanywa kwa mara mbili ya pai, yaani karibu milimita 8. Nyaya sharti zikutane kwenye ncha za vipande vya waya, kwani zikikatana katikati programu haitambui kuwa zimeungana (kazi ya kuchosha kweli). Mikunjo ya bati mimi huipuuza, kwa kuwa kina chake ni kidogo mno kikilinganishwa na wimbi.