Land Rover ya mzee: nilichobakiza na nilichotupa

Series III ya mzee, injini ya petroli ya cc 2,286, ilitoa moshi wa bluu, na tukifika Dodoma kutoka Kondoa taa ya presha ya oili inawaka injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta. Fundi akasema tubadili ringi za pistoni tu. Nikaazima maikromita na geji ya silinda, vifaa vya kupimia ulikaji: silinda zimelika zaidi juu kuliko chini, na shingo za krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) hazikuwa duara tena, zimekuwa umbo la yai. Ringi mpya humo ni kuchoma hela! Silinda tukazichonga, tukaweka pistoni kubwa zaidi. Shingo za krenki zikachongwa kupungua milimita 0.25, tukaweka beringi za saizi hiyo. Konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) na kemshafti (shafti inayofungua valvu) zilipimwa, zikaonekana nzima, zikarudi kwenye injini. Bolti za konrodi nilinunua mpya, fundi akanicheka. Moshi umekwisha, taa haiwaki tena.