Yadi ya treni inayobebwa na mtu mmoja

Kwa muda mrefu treni zangu ndogo za kuchezea zilikuwa zikiingia handakini na kuishia hapo. Nilinyanyua behewa moja moja, nikageuza, nikapanga upya. Magurudumu madogo namna ile hayataki kushikwashikwa. Sasa nimezijengea yadi, yaani pa kusimama zikisubiri zamu, tena ya kubebeka, maana mtambo wangu wote hufunguliwa na kuegeshwa ukutani nikimaliza kucheza.

Nilianza na futi ya kupimia. Kwa kipimo cha 1:87, yaani urefu umepunguzwa mara 87 kuliko treni ya kweli, kichwa changu kirefu cha treni kina sentimita 22 na kila behewa la abiria 30. Kichwa na mabehewa manne ni sentimita 142. Njia tano za kawaida zingehitaji swichi nne za reli (zile za kugawa njia) zikifuatana, na hizo hula karibu mita nzima kabla treni haijapata pa kusimama. Mita hiyo sina.

Basi nimetengeneza ubao unaoteleza: plaiwudi ya milimita 12, urefu sentimita 150, njia tano sambamba, chini yake vyuma vya droo. Unausukuma mpaka njia unayoitaka ikutane na reli inayotoka handakini.

Hapo zinapokutana ndipo kazi yenyewe ilipo. Reli mbili za kila njia zimeachana milimita 16.5 tu. Zikipishana kwa milimita moja na zile za upande wa pili, gurudumu la mbele linashuka na mabehewa yote yanalifuata. Mara ya kwanza nililaza reli, kisha nikatafuta pa kufunga komeo. Kila njia ilikaa kombo kivyake, nikang'oa zote tano. Safari ya pili nilianza na komeo. Nilifunga ubao kwenye njia ya kwanza, nikaegemeza rula ya chuma kwenye reli ya handakini, nikalehemu reli ya yadi juu ya vichwa vya skrubu za shaba ukingoni. Kisha nikafungua, nikasogeza, nikafunga, nikarudia. Komeo ndilo linaloamua, reli inafuata.

Makomeo yenyewe ni mawili, ya shaba, na yanapitisha umeme pia: moja kwa kila reli. Njia iliyofungwa ndiyo pekee yenye moto. Treni nyingine nne zimelala. Sikuhitaji swichi hata moja ya umeme, na jambo hili linanifurahisha kuliko yote.

Plaiwudi nimeipaka vanishi pande zote mbili, kwa kuwa mbao ikinywa unyevu hujipinda. Kila mwisho wa njia kuna kipande cha mbao kinachochomekwa kabla ya kubeba, treni zisiteleze sakafuni.

Jana usiku binti yangu alikaa upande wa stesheni, mimi yadini. "Baba, ya tatu!" Nikasukuma, komeo likaingia, treni ikatoka bila kugusa chochote. Tuliendelea mpaka akaitwa kulala.