Nilivyowaachisha wanafunzi kupika data

Walimu wenzangu wa fizikia wanaijua hii. Unatoa jaribio la penduli, yaani jiwe linalobembea kwenye uzi, unakusanya madaftari, unakuta darasa zima limepata jibu moja hadi tarakimu ya mwisho. Hawajapima hao. Wamechukua kanuni, wakaanzia kwenye jibu, data zikapikwa. Siwalaumu sana, kwa sababu tumewazoesha kwamba namba isiyolingana na ya kitabu ni mbovu.

Nikaona dawa ni kuwanyima jibu. Niliwapa Kidato cha Pili, kabla hawajaiona kanuni yenyewe, uzi wa mita moja, jiwe, na simu nilizoazima kwa walimu. Swali: jiwe likienda na kurudi mara moja, linatumia sekunde ngapi? Kila mtu apime, aandike ubaoni, na ni marufuku kufuta.

Ubao ukajaa: 1.8, 2.2, 1.9, 2.3. Zogo! "Mwalimu, ya nani ndiyo sahihi?" Nikanyamaza. Binti mmoja wa nyuma akasema tatizo ni kidole, kinachelewa kubonyeza. Basi tukakipima kidole: mwenzako anaachia rula bila kukuonya, wewe unaidaka. Ikishuka sentimita 20 ndipo uidake, umechelewa kama sekunde 0.2. Hapo wakaelewa wenyewe kwa nini ubao una fujo.

Wakapendekeza kupima safari 20 kwa mkupuo halafu wagawanye. Ile 0.2 ikigawanywa kwa 20 inabaki 0.01, na kweli majibu yakasogeleana: 1.99, 2.02, 2.01.

Isipokuwa kundi moja. Wao walipata 1.91, wakarudia, wakapata 1.91 tena, na ndio waliokuwa wakijiamini kuliko wote. Kundi la jirani likasimama kuwatazama wakipima, likagundua kwamba wanaanza kuhesabu "moja" pale pale wanapoliachia jiwe, badala ya "sufuri". Walikuwa wanapima safari 19 na kugawanya kwa 20. Kosa la namna hiyo hata ukirudia mpaka jioni halipungui, na kwangu hilo ndilo lilikuwa somo lenyewe.

Siku hizi anayeniandikia 2.00 tupu, bila kusema inaweza kuzidi au kupungua kwa kiasi gani na kwa nini, hapati alama zote. Mwenye 1.91 aliyejieleza vizuri anaweza kumpita. Kwenye mtihani wa taifa usahihishaji hauko mikononi mwangu, na hilo nimewaambia wazi.