Tanga la kemba tatu: msimu mmoja wa kusi Jambiani

Tanga lenyewe, la ubao unaosukumwa na upepo (windsurfing), lilikaa stoo miaka miwili bila mpenzi. Ni la mita za mraba 7.5, lina fito saba na kemba tatu, na kila mgeni aliyelikodi kituoni kwetu Jambiani, pwani ya Zanzibar, alilirudisha kabla saa yake haijaisha. Zito, wanasema. Likianguka majini halinyanyuki. Ukigeuza ubao linabaki limetuna upande ule ule wa mwanzo. Mwenye kituo alipotaka nafasi akaniuzia kwa bei ya pezi moja jipya, lile la chini ya ubao. Nilidhani nimempunja, hadi wiki ya kwanza ilipopita.

Kwa asiyeijua, kemba ni kipande cha plastiki kilichokaa kama panda ya manati. Mkia wake unashika ncha ya ufito, na panda zake mbili zinaukumbatia mlingoti ndani ya mfuko wa tanga. Kwenye tanga la kawaida la ubao, ncha ya ufito huegemea tu ubavuni mwa mlingoti, na upepo ndio unaolipa tanga tumbo. Upepo ukilegea, tumbo nalo linapotea. Lenye kemba lina tumbo tangu likiwa mchangani. Ami yangu, ambaye amevua kwa ngalawa tangu kabla sijazaliwa, alisimama akalitazama siku ya kwanza nilipolifunga.

"Hili limekula wapi?" akauliza. "Upepo wenyewe haujafika."

Nikamweleza habari za kemba. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tanga lisilojua kulegea litanizamisha. Kuzama sikuzama, lakini wiki ile nilikunywa maji mengi ya chumvi.

Kwanza kulifunga. Nilichukua mlingoti wowote wa sentimita 460 uliokuwepo stoo, nikaona urefu ni ule ule, yatosha. Kumbe milingoti miwili ya urefu mmoja hupinda tofauti: mmoja unalainika zaidi juu, mwingine unapinda sawasawa mwili mzima. Wangu haukuwa wa jamaa ya lile tanga. Nikivuta kamba ya chini, kemba ya juu inachomoka, na ya chini inabana mlingoti kama koleo. Na kwa kuwa nilikuwa naogopa kuvuta sana, nilikuwa naacha sentimita 3 au 4, nikijiambia tanga lisikazwe likachanika.

Hapo ndipo ugomvi wa kugeuka ulipoanzia. Picha ni hii: upepo noti 15 (maili 15 za baharini kwa saa), ubao umepamba moto, nakata kona kwa kufuata upepo, nabadilisha miguu, naachia bumu, yaani ule mti wa kushikia tanga, tanga linapita mbele ya pua kwenda upande wa pili. Linatakiwa kugeuza tumbo lake. Nasikia tak, kemba moja. Tak, ya pili. Ya tatu, ile iliyo karibu na bumu, kimya. Sasa tanga lina tumbo upande huu juu na upande ule chini, limejipinda kama nyoka, halivuti wala haliachii. Ubao unazama taratibu, na mimi juu yake nimeshikilia kitu cha ajabu. Siku moja nimegeuka mara kumi na moja, nikaanguka tisa.

Nilipata mlingoti sahihi kwa kuununua mkononi kwa mtu wa Paje, wa kaboni asilimia 75, na safari hii nikasoma maandishi yaliyochapwa chini ya tanga badala ya kubahatisha. Urefu wa mbele 471, mlingoti 460, bumu 209. Toa 460 kwenye 471 unabaki na 11, basi kipande cha kurefushia chini nakiweka 12. Halafu nikavuta kamba kama maandishi yanavyotaka, mguu mmoja nimeukita kwenye kitako cha mlingoti, mpaka ukingo wa nyuma, kuanzia ufito wa juu kushuka hadi wa tatu, ukalegea ukawa unachezacheza kama khanga iliyoanikwa. Ukilitazama vile unaona limeharibika. Halijaharibika, ndivyo linavyotakiwa kuwa: upepo wa ghafla ukija, sehemu ile ya juu inafunguka na kuumwaga, na wewe huvutwi kichwa mbele.

Kemba bado zilikuwa nzito kidogo. Ndani ya kila moja mna vibati vyembamba vya plastiki vya kupunguza au kuongeza mbano. Nikatoa kimoja kwenye ile ya chini. Tena mchanga wetu wa Jambiani ni mlaini kama unga, unaingia kwenye vigurudumu vya kemba na kuvigandisha. Sasa naosha mfuko wa mlingoti kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni, na sifungui zipu nikiwa nimekaa mchangani.

Baada ya hapo kemba mbili zinageuka zenyewe. Ya tatu naisaidia: navuta bumu kifuani mara moja kwa ghafla, kisha namwachia upepo, na tak yake naisikia. Siku hizi nikiikosa sauti hiyo najua kabla sijaangalia.

Jambo lingine ni kutoka majini. Mfuko wa mlingoti ni mpana, hujaa maji, na ukijaribu kulinyanyua tanga lote kwa mkupuo utavunjika mgongo. Naogelea na mlingoti mpaka uelekee joshini, yaani upande upepo unakotoka, nainua ncha yake kiasi cha shubiri moja juu ya maji, nasubiri. Maji yanachuruzika. Upepo unaingia chini ya tanga wenyewe na kufanya kazi iliyobaki. Shida ya wageni wetu ilikuwa hapo: walikuwa wanagombana na maji ambayo yangetoka yenyewe.

Na sasa kuhusu mwendo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nisilitupe. Nina kilo 78, ubao wangu ni wa lita 122, pezi la sentimita 44. Kwenye noti 12 au 13 tanga hili ni zito kuanza nalo, kulipampu, yaani kulivutavuta lishike upepo, kunachosha, na mwenzangu mwenye tanga la 7.0 lisilo na kemba anaweza kunitangulia kuplani, yaani ule wakati ubao unapoacha kulima maji ukapanda juu yake. Lakini nikishapanda, sishuki. Upepo wa kusi kwenye maji yetu ya ndani ya mwamba una mashimo, hasa asubuhi. Yeye akiingia kwenye shimo, tanga lake linalegea, mkono wa nyuma unakuwa mtupu, ubao unakaa. Langu linapita na tumbo lake lile lile mpaka upepo unarudi.

Upepo mkali ukija ndipo tofauti inapokuwa kubwa zaidi. Tanga la kawaida likipigwa na noti 18 za ghafla, tumbo linasogea nyuma, na uzito wote unahamia mkono wa nyuma. Unalazimika kulifungua, na mwendo unakatika. Kwenye hili tumbo limeshikwa mbele na kemba, halihami. Unachosikia ni kiuno kuvutwa zaidi kwenye mkanda unaokuunga na bumu, halafu ubao unaongeza mwendo. Mikono yenyewe unaweza kuilegeza. Saa yangu imewahi kuandika noti 26 kwa tanga hili, na 24 kwa tanga lisilo na kemba siku zinazofanana, lakini kwangu hizo mbili si hoja. Hoja ni kwamba nafika mwambani bila viganja kuwaka moto. Kupanda joshi pia linapanda vizuri. Upepo ukishapita noti 20, hata hivyo, mita 7.5 ni nyingi kwangu. Ubao unaanza kurukaruka na naliacha stoo.

Kitu ambacho tanga halikunionya ni kwamba mwendo huu unakufikisha mahali haraka. Siku moja ya bamvua, yaani maji makuu, maji yalikuwa yanapwa, nikajiambia nipige mkondo mmoja wa mwisho. Pezi la sentimita 44 likanasa kamba ya mwani. Ubao ukasimama, mimi sikusimama. Nilipoibuka, mwenye shamba alikuwa amejishika kiuno maji yakimfika magotini.

"We mwanangu, unakimbizwa na nani?"

Mwani unalimwa hapa na Paje tangu 1989, vijiti vyake navijua tangu utotoni, sikuwa na la kujitetea. Nimekata kamba mbili. Bamvua iliyofuata nilikaa kivulini kwake nikifunga mbegu kwenye kamba mpya hadi vidole vikakakamaa. Sasa naingia majini maji yakishapita nusu kujaa, na nazunguka mashamba kwa mbali. Maji yakijaa kabisa mawimbi yanavuka mwamba na maji ya ndani yanachafuka, kwa hiyo wakati mzuri hudumu kama saa tatu hivi.

Ami bado hajalikubali tanga. Juzi nililiweka mchangani bila kulikandamiza nikaenda kunywa maji. Kwa kuwa halilegei, upepo ukalibeba na kulisukuma hadi kwenye ngalawa yake. Zipu ikachanika kiasi cha dole gumba. Alinilaumu kwanza, kisha akaingia ndani akatoka na sindano na uzi wake wa matanga, akaishona yeye mwenyewe.