Nilivyopima mwingiliano wa jeni mbili za malaria nikiwa Mtwara

Wengi wakitaka kujua kama jeni moja hubadilisha kazi ya nyingine huanza na programu inayojaribu kila jozi. Sikupita huko. Alama za vinasaba 500,000, yaani sehemu za DNA zinazotofautiana kati ya watu, zinatoa jozi karibu bilioni 125, na 0.05, kizingiti cha kawaida cha kukubali matokeo, ukiigawa kwa idadi hiyo unabaki na 4×10⁻¹³. Kwa watoto elfu moja hivi, ambao ndio tunaoweza kuwakusanya huku kusini, mwingiliano wa kweli hauvuki kizingiti hicho ila uwe mkubwa ajabu. Kitakachovuka nitakitilia shaka ya maabara kwanza.

Nilichagua jozi moja ambayo biolojia yake inaeleweka: selimundu na alfa-thalasemia, hali mbili za kurithi zinazobadilisha himoglobini ya damu. Mwaka 2005 watafiti wa Kilifi, Kenya, walionyesha kwamba mtoto mwenye alele (nakala ya jeni iliyotoka kwa mzazi mmoja) moja ya selimundu, yaani AS, analindwa dhidi ya malaria, na mwenye alfa-thalasemia naye analindwa. Lakini vyote viwili vikikutana kwa mtoto mmoja, ulinzi unakaribia kutoweka. Jeni ya kwanza iko kromosomu 11, ya pili kromosomu 16, kwa hiyo hazirithiwi kwa kufuatana.

Kabla ya modeli yoyote nilikagua usomaji wa jeni, kwa kundi linganishi (watoto wasio wagonjwa) peke yake, kwa sababu kwa wagonjwa uwiano unapindishwa na ugonjwa wenyewe. Tuchukulie alele ya thalasemia ina kiwango cha 0.4. Kati ya watoto 500 wasio wagonjwa unategemea 180 wasiokuwa nayo, 240 wenye moja na 80 wenye mbili. Wenye moja wakipungua sana na pande mbili zikijaa, shuku DNA. Kipimo cha thalasemia hutegemea vipande virefu, na karatasi ya damu iliyokaa bila silika ya kunyonya maji kwenye unyevu wa pwani hii hutoa DNA iliyokatika. Bendi moja, yaani mstari unaoonyesha alele kwenye kipimo, isipotokea, mwenye alele mbili tofauti anasomeka kana kwamba zinafanana. Watoto wa SS, wenye alele mbili za selimundu, niliwaondoa, maana wana ugonjwa wao.

Modeli yenyewe ni regresheni ya lojistiki, inayokadiria uwezekano wa kuugua: ugonjwa upande mmoja, na upande wa pili AS (0 au 1), thalasemia (alele 0, 1 au 2), kuzidishwa kwa hizo mbili (huo ndio mwingiliano), umri na kijiji. Kijiji hakiachwi, kwa sababu kuumwa na mbu hakulingani kati ya bondeni na juu ya uwanda wa Newala. Thalasemia niliiweka kama namba, si kama makundi matatu, ili mwingiliano uwe kigezo kimoja tu.

Hapa ndipo penye kazi. Tuseme AS ni asilimia 15 ya watoto wote na uwiano wa odi wa malaria kali kwao, yaani odi zao za kuugua zikilinganishwa na za wasio na AS, ni 0.1. Miongoni mwa wagonjwa AS inashuka hadi kama asilimia 1.7, yaani watoto 9 kati ya 500. Wenye alele mbili za thalasemia ni asilimia 16, kwa hiyo kisanduku cha jedwali unachokihitaji kuliko vyote, cha wagonjwa wenye AS na alele mbili za thalasemia, kinabaki na mtoto mmoja au wawili. Ulinzi wenyewe ndio uliokila. Regresheni ya kawaida ikikutana na kisanduku kitupu hukupa kosa sanifu (kipimo cha kutokuwa na uhakika) la ajabu, au namba inayokimbilia kusikojulikana huku programu ikisema imemaliza salama. Nilitumia njia ya Firth, regresheni iliyorekebishwa kwa data chache; kwenye R, programu ya takwimu, ni kifurushi cha `logistf`:

`logistf(mgonjwa ~ as * thal + umri + kijiji, data = d)`

Inazuia namba isikimbie, ila haiumbi taarifa ambazo hazipo. Masafa ya uhakika ya asilimia 95 ya jibu yakiwa mapana, ni mapana. Kwa kawaida kugundua mwingiliano kunahitaji sampuli kama mara nne ya ile inayotosha kugundua athari ya jeni moja yenye ukubwa ule ule.

Thamani-p, kipimo cha jinsi bahati tupu ingeweza kutoa matokeo kama haya, nayo ina mtego. Njia iliyozoeleka ya kuipata, kuchanganya upya safu ya ugonjwa, haifuti mwingiliano tu, inafuta na ulinzi wa kila jeni peke yake. Hapo unajaribu dhana kwamba jeni hizi hazifanyi chochote, jambo ambalo hakuna anayelidai. Badala yake nilikadiria modeli isiyo na mwingiliano, nikachukua uwezekano wa kila mtoto kuugua, nikazalisha safu mpya za ugonjwa kutokana nao, na kila safu nikaipitisha kwenye modeli kamili. Marudio 2,000 yanatosha kwa jozi moja. Weka `set.seed` mwanzoni na uhifadhi kwa `saveRDS` kila baada ya marudio 100, maana umeme ukikatika saa nane usiku hutaki kuanza upya.

Ipo njia ya mkato ya kutumia wagonjwa peke yao: kama AS na thalasemia zinaambatana miongoni mwao, huo ni mwingiliano. Ina nguvu kuliko modeli kamili, lakini inadai jeni hizo ziwe huru kwa jamii nzima. Sampuli ikichanganya Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, na viwango vya alele zote mbili vikatofautiana kati yao, uambatano utajitokeza hata bila mwingiliano wowote. Niliitumia kama ushahidi wa pembeni tu, baada ya kuona kwamba kwa kundi linganishi hazikuambatana ndani ya kila kabila.

Kwa anayeshikilia kupima jozi nyingi kwa PLINK, programu ya kuchambua alama za vinasaba: amri yake ya `--epistasis` haipokei vigezo vya ziada kama umri au kijiji. Itumie kuchuja, kisha jozi chache zilizobaki zirudishe kwenye regresheni kamili. Jozi za kromosomu moja zilizo karibu zitupe, kwa sababu alama mbili jirani zinaweza kuigiza mwingiliano wakati zote zinafuata alele ya tatu ambayo haikupimwa.

Kwenye ripoti, jedwali la visanduku sita (AS mbili kwa thalasemia tatu) lenye idadi ya wagonjwa na wasio wagonjwa lilitangulia uwiano wowote wa odi. Nikataja pia kipimio: mwingiliano huu umepimwa kwa kuzidisha uwiano wa odi, na ukipimwa kwa kujumlisha hatari jibu linaweza kugeuka hata kwa data zile zile.