Mlango wa nyuma wa dakhalia

Assalamu alaykum jamani. Hili limenikaa moyoni toka Ramadhani, na leo naliandika kwasababu kuna wadogo zetu kutoka Wete, Chake na Mkoani wanakuja kuanza chuo Unguja, wengine ndo mara ya kwanza kulala nje ya kwao, na wazee wakipiga simu wanauliza ada na chakula tu, hakuna anaeuliza mlango wa dakhalia unafungwaje.

Mimi nimekaa dakhalia ya wanawake miaka miwili, chuo sikitaji. Geti la mbele lina mlinzi, mzee mmoja mwema sana anatwita wanangu, na linafungwa saa tatu usiku. Nyuma sasa, kule kwenye kamba za kuanikia nguo, kuna mlango wa chuma, ukishajifunga ndo basi, ukiwa nje haufunguki. Mtu katoka maktaba saa tatu na nusu, umeme umekatika, geti limefungwa na matroni hapokei simu, afanye nini? Anampigia shoga yake amuwekee jiwe mlangoni. Jiwe lenyewe nalikumbuka, la pwani, lina vitundu vitundu, upande mmoja limepigwa chokaa maana lilitolewa kwenye bustani. Sote tulikuwa tukilitumia, na mimi nimelitumia si mara moja.

Usiku mmoja, kabla watu hawajaamka kula daku, mwenzangu wa kitanda cha chini kashtuka akaona mtu kasimama mlangoni mwa chumba na tochi ya simu. Akadhani ni mimi, akaniita jina. Yule mtu hakujibu, akaizima tochi. Wallahi ukelele aliopiga siku ile mpaka leo nausikia. Mwizi akakimbia na simu mbili na laptopu, hakumgusa mtu, alhamdulillah, lakini mwenzangu hakulala tena taa imezimwa mpaka muhula ukaisha.

Asubuhi tukaitwa kikao tukaambiwa nyinyi wenyewe ndo mlioweka jiwe. Ni kweli tuliweka. Lakini kwa nini tunaliweka hakuna aliyeuliza, na wenzetu wa jengo la pili hawakuambiwa kitu, wakasikia kwenye WhatsApp maneno yameshageuzwa mara tatu. Hili ndo linaniuma zaidi. Mtu akinyamaziwa anajilindaje?

Nikaanza kusoma soma nikakuta habari ya Jeanne Clery, mwanafunzi wa Lehigh University kule Marekani, alikuwa na miaka 19, mwaka 1986 mwanafunzi mwenzake alimuua ndani ya chumba chake cha dakhalia, alipita kwenye milango ambayo wanafunzi waliiwekea vitu isijifunge. Niliposoma pale nikaweka simu chini, maana niliona jiwe letu lile lile. Wazazi wake hawakukaa kimya, na mwaka 1990 ikatoka sheria, vyuo vya kule vitangaze kila mwaka uhalifu uliotokea chuoni, na kukiwa na hatari watu waambiwe haraka. Sisi hata tangazo la karatasi ubaoni hatukupata.

Tulichopata ni kufuli. Mlango wa nyuma ukatiwa mnyororo, ufunguo anao matroni, na sisi wanawake tukaambiwa tuwe ndani kabla ya Ishaa. Wanaume waliachwa na saa zao kama kawaida, wakati aliyeibiwa ni sisi.

Haikufika wiki tatu. Mtu kachomeka hita ya maji na pasi kwenye ekstensheni moja, ikaanza kutoa moshi, harufu ya plastiki imejaa korido nzima. Waliokuwa vyumba vya nyuma wakakimbilia mlango wa nyuma kwasababu ndo wa karibu, wakakuta kufuli. Madirisha yote yana nondo. Nilikuwa hapo, nimeushika ule mnyororo, nyuma yangu wenzangu wanasukuma, mmoja analia anamwita mama yake. Bahati mtu alikwenda kuzima swichi kubwa, moshi ukapungua, hapakuwaka kitu. Kule Kyanguli, Machakos, Kenya, mwaka 2001 bweni la wavulana liliungua usiku, mlango mmoja umefungwa na madirisha yana vyuma, wakafa 67. Hawa walikuwa skuli ya sekondari tu, watoto.

Kwa hiyo jiwe lilikuwa kosa na kufuli nalo ni kosa, na mimi nasema hivyo mbele ya yeyote. Dakhalia inataka mlango ambao wa nje hafungui ila wa ndani akiusukuma kwa kiwiko unafunguka, milango hiyo ipo, kwenye hoteli za huko pwani imejaa. Na awepo mtu wa zamu getini usiku wa kumfungulia anaetoka maktaba bila kumgombesha, maana akigombeshwa leo, kesho atatafuta jiwe.

Tuliandika barua kupitia serikali ya wanafunzi, tukaweka sahihi vyumba vyote. Fundi amekuja kupima mlango, bado hajarudi. Mnyororo umetolewa, na mpaka apatikane mlango mpya tumepangiana zamu, kila usiku chumba kimoja kinakwenda kuangalia mlango umejifunga na hakuna kitu chini. Leo ni zamu yetu, mwenzangu keshavaa ushungi ananisubiri na tochi.