Amekuwa wa ngapi?

Baba yangu yuko Muheza, mkoani Tanga, mwalimu mstaafu, na kuhusu masomo ya mjukuu wake ana swali moja tu: amekuwa wa ngapi?

Mwaka wa kwanza, Salma alipomaliza chekechea, sikuwa na jibu. Mwaka uliofuata nilikuwa na ripoti ya kurasa nne mkononi, zimechapwa vizuri, zina nembo ya shule na picha ya mtoto akicheka bila meno ya mbele, na jibu bado sikuwa nalo.

Tunakaa Coventry, Uingereza. Mimi natunza wazee zamu za usiku, na kwa wale wa nyumbani wanaotuita wabeba boksi, niwaambie tu kwamba mimi boksi silibebi, nabeba watu. Baba Salma anaendesha lori, tunamwona Ijumaa. Kwa hiyo habari za shule zote zinaangukia kwenye simu yangu, na habari za shule ya msingi ya Kiingereza zinakuja kama mvua ya masika, hazingoji ukauke.

Shule ya Salma ina programu tatu za simu. Moja ni ya ujumbe. Ya pili ni ya kulipia safari na michezo ya baada ya masomo (chakula cha mchana kwa wadogo hatulipi, kwa England nzima ni bure tangu Septemba 2014 mpaka mtoto amalize mwaka wa pili). Ya tatu mwalimu anaweka picha za watoto wakipaka rangi, na ukiangalia rangi zilivyo kwenye sare unajua jioni utafua. Juu ya hizo kuna barua pepe ya mwalimu mkuu kila Ijumaa. Na juu ya zote, karatasi bado zinatiwa kwenye begi la mtoto, zikakae chini kabisa na ganda la ndizi la Jumanne.

Wiki moja ya Novemba nilikaa nikahesabu: jumbe kumi na tisa. Darasani kuna chawa, tafadhali kagueni vichwa. Ijumaa watoto wavae nguo za madoadoa na waje na pauni moja, ni harambee ya watoto ya BBC. Chagua saa ya kuonana na mwalimu, nafasi zinaisha. Salma ni mchungaji wa kondoo kwenye maigizo ya Krismasi, mtafutie kilemba. Ule wa kilemba ulinifurahisha, maana ndani ya nyumba hii vilemba tunavyo. Chawa, kumbe, alikuwa mtoto mmoja, ila taarifa inapelekwa kwa wote ili asijulikane ni nani. Sisi Muheza ulinyolewa, na mtaa mzima ukajua.

Sasa katikati ya jumbe kama hizo, Januari, ulipita mmoja wenye mistari miwili: Jumatatu ni siku ya mafunzo ya walimu, shule imefungwa. Huku kila shule ina siku tano za namna hiyo kwa mwaka, zilianza miaka ya 1980 wakati Kenneth Baker akiwa waziri wa elimu, na wenyeji wa makamo hadi leo wanaziita siku za Baker. Ubaya wake, kila shule inajichagulia tarehe. Jumatatu ile nilitoka kazini saa mbili asubuhi, macho yanawasha, nikamchukua Salma kwa jirani, tukatembea. Njiani tukapishana na watoto wa shule nyingine wamevaa sare zao, moyo ukatulia kabisa. Tukafika getini. Kufuli. Manyunyu. Hata gari moja hakuna.

"Mama, mwalimu alisema leo haji."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umelala."

Jioni nilimpigia baba nikamsimulia, nikitegemea anipe pole. Baba hakunipa pole. Aliuliza, "Hao watu hawana kalenda?" Wanayo, nikasema, ya mwaka mzima, ukurasa mmoja. Akaniagiza nimtumie. Nikatuma, akaipeleka steshenari ya mjini kwa kijana anayechapa na kutoa kopi, akaja akaibandika ukutani karibu na kalenda ya msikiti. Tangu siku hiyo mratibu wa masomo ya Salma yuko Muheza. Anaamka alfajiri, anaswali, anavaa miwani, anasimama mbele ya ukuta, kisha ananitumia ujumbe wa sauti. Kwake saa kumi na mbili asubuhi. Kwangu, majira ya baridi, ni saa tisa usiku na niko zamu. "Mama, hujambo. Kesho kutwa wanafunga nusu muhula. Usije ukampeleka mtoto getini tena." Ana sauti ya darasani, haijui kunong'ona. Kuna bibi mmoja wa miaka tisini na moja ninayemtunza, usingizi wake mwepesi, kila mara ananiuliza yule bwana ana ugomvi na nani.

Tarehe basi tulizimudu. Ripoti ndiyo iliyotushinda.

Kwanza kuna kuonana na mwalimu. Mnapewa dakika kumi. Mnakalia viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, na mwalimu anaanza kumsifia mtoto mpaka unaona haya. Salma ni furaha ya darasa. Salma ana moyo mzuri. Mara ya kwanza nilitoka pale nimepaa. Mwenzangu Mkenya ambaye watoto wake wameshafika sekondari ndiye aliyenishusha. "Dada, hiyo lugha ina ufunguo wake," akasema. "Wakikwambia mtoto ni mchangamfu, jua hanyamazi. Wakisema ana msimamo, ni mbishi. Wakisema anaanza kujifunza kushirikiana, kuna mtoto ameng'atwa." Nikamuuliza, na furaha ya darasa je? Akafikiri kidogo. "Hiyo ni mchangamfu, lakini mwalimu anampenda."

Julai inakuja ripoti yenyewe, ambayo kwa sheria kila shule lazima impe mzazi angalau mara moja kwa mwaka. Hakuna nafasi darasani. Hakuna wastani. Hakuna jumla. Kila somo limewekwa kwenye ngazi tatu: mtoto bado anaelekea kiwango kinachotarajiwa, amekifikia, au amekwenda kwa kina zaidi. Salma amekifikia kwenye kusoma, kuandika na hesabu. Nikampigia baba kwa video nikamfasiria.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Amekuwa wa ngapi?"

"Hawapangi nafasi, baba. Amefikia kiwango kinachotarajiwa."

"Kinachotarajiwa na nani?"

"Na serikali."

"Na wewe ulitarajia nini?"

Nikakwama. Nikajaribu kumkumbusha kwamba hata kwetu mambo yanabadilika, kwamba Januari 2023 NECTA, baraza la mitihani la taifa, walipotangaza matokeo ya kidato cha nne waliacha kutaja wanafunzi bora na shule bora kama ilivyokuwa desturi. Analijua hilo kuliko mimi na bado halijamtoka rohoni. "NECTA walikosea," akasema, na maongezi ya NECTA yakaishia hapo.

Ili mumwelewe, niwaambie habari ya ripoti zangu mimi. Nimesoma shule aliyofundisha baba, na darasa la nne alikuwa ndiye mwalimu wangu wa darasa. Siku ya kufunga shule wenzangu walikimbia nyumbani na karatasi mkononi, wengine wakiikunja, wengine wakiipitisha kwa shangazi kwanza. Mimi sikuwa na pa kuipitisha. Niliketi mezani nikamwangalia baba akiisoma ripoti aliyoiandika mwenyewe. Nafasi ya 23 kati ya 61. Kwenye maoni ya mwalimu wa darasa: "Ana uwezo, lakini anaongea mno." Sahihi. Akageuza kalamu, akashuka kwenye maoni ya mzazi, akaandika kwa mwandiko uleule: "Nimeona. Nitashughulikia." Sahihi ileile. Na alishughulikia, siku ileile, kama mzazi.

Kwa hiyo nikimsomea kwamba mjukuu wake ni mtoto mchangamfu anayependa kuchangia mawazo yake wakati wote, hahitaji ufunguo wa Mkenya. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Huyo ni wewe," akasema.

Namba, walau moja tu, hatimaye tuliipata, na ilitoka pasipotarajiwa. Huku watoto wa mwaka wa kwanza, Juni, wanapimwa kusoma kwa sauti za herufi. Mtoto anakaa peke yake na mwalimu, anasoma maneno 40. Ishirini ni maneno ya kweli. Ishirini ni ya uongo, hayana maana yoyote katika Kiingereza wala lugha ya majini, na yamechorewa dude kando ili mtoto ajue asihangaike kutafuta maana, asome tu kinachoonekana. Alama za kuvukia kwa miaka mingi zimekuwa 32. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilidhani mwalimu ananitania. Serikali nzima inachapisha maneno ya uongo!

Baba hakushangaa hata kidogo. "Ndiyo silabi hizo," akasema. "Ba be bi bo bu. Kwani 'bobu' lina maana gani?" Yeye alishika darasa la kwanza kwa miaka kabla ya kupandishwa, na kuanzia mwezi wa nne akaanza kumfundisha Salma kwa video, Jumamosi na Jumapili. Alimwandikia silabi kwa chaki kwenye mlango wa stoo. Mtoto anasoma huku Coventry na kifungua kinywa mdomoni, babu anagonga mlango kwa fimbo kule Muheza. Wakitoka kwenye nya nye nyi nyo nyu wanaingia kwenye ng'ombe, na ng'ombe ilimtesa Salma wiki mbili.

Kwenye ripoti imeandikwa tu kwamba amefaulu. Nikamwomba mwalimu anitajie alama, akanitajia: 37 kati ya 40. Baba alinyamaza kidogo kwenye simu, halafu akaita watu wa nyumbani waje wasikie. Anashikilia kwamba ni kazi ya mlango wa stoo. Mwalimu wa huku anaamini ni kazi yake. Mimi sikuwaingilia. Swali la pili la baba lilikuwa, "Na waliopata 38 ni wangapi?"

Kitu kingine kilichompendeza ni mahudhurio. Yamewekwa ukurasa wa mbele kwa asilimia, na Salma alikuwa na 93. Akishuka mpaka 90 au chini yake anaingia kwenye kundi la watoro wa kudumu. Asilimia zilizopotea ni homa, na siku nne tulizochelewa kurudi kutoka nyumbani. Hili ndugu zangu wanaopanga safari waliangalie: tiketi inakuwa rahisi pale shule ziko wazi, wote tunajua kwa nini, lakini mtoto akikosa vipindi kumi vya nusu siku bila ruhusa ndani ya wiki kumi za shule, yaani siku tano tu, faini inaweza kuja. Tangu Agosti 2024 ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto ukilipa ndani ya siku 21, ukipitisha hapo ni 160. Wazazi wawili na watoto watatu, piga hesabu mwenyewe kabla hujafurahia bei ya tiketi. Na usimwambie mtoto aseme alikuwa anaumwa. Mtoto wa miaka sita atarudi darasani amesukwa nywele mpya, ana hina mkononi, na atasimulia habari za bahari ya Tanga kabla hajavua koti.

Nilidhani baba atawalaani Waingereza kwa faini hiyo. Wapi! Muheza ni nchi ya machungwa, na msimu ukifika, alikuwa akibaki na nusu darasa, wengine wako mashambani au barabarani na masinia kichwani. Ameandika barua za utoro maisha yake yote na nyingi hazikujibiwa. "Hapo wako sawa," akasema. "Pauni themanini ni shilingi ngapi?" Nikamwambia. "Wako sawa kabisa."

Mwishoni mwa ripoti, chini ya sahihi ya mwalimu mkuu, kuna kipande cha kukata kwa mkasi: nimeipokea ripoti ya mwanangu, na mistari mitatu ya maoni. Wazazi wengi huku wanaandika ahsante na kuweka jina. Baba alipoiona ile mistari kwenye kamera akakaa sawasawa.

"Hapo ni pa mzazi?"

"Ndiyo, baba."

"Chukua kalamu."

Nikachukua. Akanisomea polepole, na nukta akizitaja, kama imla. Nikamuuliza niandike kwa Kiingereza. Akasema maoni ya mzazi yanaandikwa kwa lugha ya mzazi. Nikaandika kama alivyosema, nikakata, nikatia kwenye begi la Salma, juu ya kila kitu, mbali na ndizi.

Kesho yake mchana mwalimu alinishika getini. Alikuwa na kile kipande mkononi. Akaniambia alimwomba Salma amsomee, na Salma amesimama mbele ya darasa akakisoma chote, silabi kwa silabi, bila kukwama: "Nimeona. Mtoto aendelee kuongea, ila kwa zamu."

"Amenifasiria na maana yake," mwalimu akasema, anatabasamu. "Babu yake anasema ameona, na Salma aendelee kuongea."